Ahadi ya const inaishia wapi ukivuka kutoka C++ kwenda Python, C# na Java?

#1 Mwana_wa_Wete

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nina jambo limenikaa kooni siku ya tatu sasa, naombeni akili zenu.

Kikundi cha wakulima wa mwani huku kaskazini ya Pemba kina mizani ya umeme. Mwenzangu aliyeko Unguja aliandika maktaba ya C++ ya kusoma vipimo na kukata unyevu. Maktaba ni hiyo hiyo moja, ila inaitwa na lugha 3: C# kwenye kompyuta ya ghala, Java kwenye simu za wanaopima ufukweni, na Python kwangu mimi ninayetoa ripoti ya wiki. Funksheni inayonitesa ni hii:

`double uzito_halisi(const char* kituo, const double* pima, const int n);`

Kituo ni herufi moja tu: t ni Tumbe, m ni Makangale, k ni Kiuyu. Kwenye Python naipata kwa kukata mwanzo wa mstari, `mstari[0:1]`, kisha naipeleka kwa ctypes, chombo cha Python cha kuita maktaba za C. Mstari wa kwanza wa Tumbe unapita salama. Baada ya hapo kila mstari wa Tumbe nikiukata napata `b'T'`, herufi kubwa, na faili nikilifungua naona t ndogo vile vile. Nikajaribu na faili jingine kabisa lisilohusu mwani: t yoyote ninayoikata peke yake inatoka T. C# na Java hazilalamiki hata kidogo.

Mimi nilivyofundishwa, const maana yake hiki kigezo hakiguswi. Sasa ahadi hiyo ikivuka mpaka wa lugha, nani anaibeba?

#2 Bi_Mkunazini

Wa alaykum salaam. Weka mwili wa funksheni, mwanangu. Bila huo tutapiga ramli hapa mpaka alfajiri.

#3 Mwana_wa_Wete

Ahsante Bi. Nimeomba nikaletewa. Mistari ya mwanzo ni hii, `toupper` ni ya kugeuza herufi kuwa kubwa:

`char* p = (char*)kituo;`
`*p = toupper(*p);`

#4 Bi_Mkunazini

Basi tatizo umeshalishika mkononi. Aliyeandika tangazo alisema const, aliyeandika mwili akailazimisha pointa, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, ivue hiyo const. Mabano yale ya mtindo wa C yanavua kila kitu kimya kimya, wala kompaila haisemi neno. Angeandika `const_cast` ungalau macho yangeiona. Mwambie aikompaili na `-Wcast-qual` kwenye g++, ataonywa pahala pote alipofanya hivyo.

#5 FundiChake

Bi amesema kweli, ila mimi siwezi kumtupia lawama zote mwenye C++. Kwa sheria ya C++, kitu kikiwa hakikuumbwa const, kuvua const kwenye pointa na kukiandika si kosa. Kosa ni pale kitu chenyewe kilipoumbwa const, hapo ndipo tabia inakuwa haikuainishwa, yaani lolote linaweza kutokea. Sasa baiti za Python ziliumbwa kwa C, kwenye kumbukumbu ya kawaida inayoandikika. Machoni mwa kompaila hakuna sheria iliyovunjwa. Python ndiyo inayosema bytes hazibadiliki, na Python haikuwa na njia ya kumwambia C++ hivyo. Wawili hawa hawakuwahi kukaa kitako wakakubaliana.

#6 Kijana_Mbweni

Mimi bado mwanafunzi, samahanini kama nauliza la wazi. Nimeelewa kwa nini t ya mstari ule imegeuka. Sijaelewa kwa nini t za faili jingine zimegeuka.

#7 FundiChake

Swali zuri sana, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. CPython, yaani Python ya kawaida tunayotumia wengi, ina baiti moja moja zote 256 zimeshatengenezwa tangu inapowaka. Ukikata baiti moja haikuumbii mpya, inakupa ile ile iliyopo. Kwa hiyo programu nzima ina `b't'` moja inayotumiwa na kila anayeikata. Maktaba imeandika T juu ya hiyo moja. Ni kama mtaa mzima mnachota kisima kimoja, mtu mmoja akatia chumvi.

Kituo kingekuwa herufi 2, "tu" kwa mfano, kosa lingekuwepo lakini lingejificha: ingegeuka ile uliyoipeleka peke yake.

#8 Mwana_wa_Wete

Subhanallah. Nimejaribu herufi 2 sasa hivi, ni kama ulivyosema, nyingine hazikuguswa.

#9 Mwalimu_Tunguu

Naongeza kwa nini C# na Java zimenyamaza. Kwenye C# ukitangaza kigezo ni `string` bila kutaja aina ya herufi, kiunganishi kinaigeuza string kuwa herufi za baiti moja moja kwenye kumbukumbu nyingine, kinapeleka nakala hiyo, kisha kinaitupa. Java nayo unapitia `GetStringUTFChars`, unapewa herufi zilizogeuzwa umbo, unazirudisha kwa `ReleaseStringUTFChars`. Maktaba imeandika kwenye nakala, nakala imekwenda na maji. Uharibifu umefanyika huko pia, ila hakuna aliyekuwepo kuuona.

Na msidhani C# ni ngome. Ukiweka `CharSet.Unicode`, umbo la ndani na la nje linakuwa moja, kwa hiyo inaweza kupelekwa anwani ya string yenyewe. Hapo yatakupata yale yale ya Python.

#10 Shamba_Konde

Mimi natumia Java kila siku na sioni kwa nini mnahangaika. Andikeni `final` kwenye kigezo, yaishe. Ni const hiyo hiyo.

#11 Bi_Mkunazini

Siyo, yakhe. `final` inazuia jina lisielekezwe kwenye kitu kingine ndani ya methodi, basi. Ukipokea `final double[] pima` unaweza kuandika `pima[0] = 0` na kompaila ikakuachia. Wala haimo kwenye saini ya methodi, anayekuita haijui. Java inalo neno `const`, limehifadhiwa tangu mwanzo, lakini halina kazi.

#12 Shamba_Konde

Nimejaribu. Kweli imeniachia. Miaka yote nilikuwa naitegemea, nashukuru Bi.

#13 Kijana_Mbweni

Na ile `const int n`? Nayo naitafsiri vipi kwenye lugha nyingine?

#14 FundiChake

Hiyo iache kama ilivyo. Int inapelekwa kwa thamani, anayepokea ana yake. Const pale inamzuia mwandishi wa mwili peke yake. C++ yenyewe inahesabu `f(int)` na `f(const int)` kuwa funksheni moja. Watu wanapoteza siku nzima kutafuta const ya aina hii kwenye C#, na haina athari yoyote nje.

Ya kuangalia ni const iliyo nyuma ya pointa au rejea. Ukiona `const double&` jua kinachopita ni anwani. Mtu akitangaza `double` tupu upande wa C#, anapeleka namba pahala panapotakiwa anwani, programu inaanguka au inatoa uchafu. Andika `in double`, ipo tangu C# 7.2, au `ref`.

#15 NahodhaMstaafu

Vijana, mmenikumbusha mbali. Nami nina langu.

Nilikuwa nahesabu majedwali ya kujaa na kupwa kwa Fortran ya zamani. Fortran kila kitu inapeleka kwa anwani, hata namba uliyoiandika kwa mkono. Kipindi kikubwa cha mvuto wa mwezi ni saa 12.42, nami nikaandika `CALL MAJI(12.42, T)`. Ndani ya MAJI mtu alikuwa amegawa kigezo chake kwa 2, anatafuta muda kutoka maji kujaa hadi kupwa. Kompaila ile ilikuwa imeweka 12.42 pahala pamoja kwenye kumbukumbu, na kila nilipoandika 12.42 ilisoma hapo hapo. Tokea mwito ule, 12.42 yangu ikawa 6.21. Jedwali likatoka na maji kujaa mara 4 kwa siku. Nikatoka nje nikaitizama bahari ya Malindi kwa macho yangu, imejaa asubuhi na jioni kama ilivyojaa tangu enzi za mababu. Nikarudi ndani nikijua bahari haikukosea.

Fortran 90 ilileta `INTENT(IN)`, mambo yakatulia. Kompaila za leo nyingi zinaweka namba kama hizo kwenye kumbukumbu isiyoandikika, ukigusa programu inaanguka papo hapo.

#16 BintJambiani

Babu Nahodha, hiyo ya 6.21 nitaisimulia kazini kesho. Maji kujaa mara 4, sisi wa mwani tungelima saa ngapi!

#17 NahodhaMstaafu

Msingelima, mwanangu. Mngekuwa mnakimbizana na bahari kutwa.

Na ukiiita maktaba ya huyu kijana kutoka Fortran, usisahau: `kituo` na `pima` zinapita kwa anwani, lakini `n` ni kwa thamani, kwa hiyo itangaze `VALUE` pamoja na `BIND(C)`. Hizo ni za Fortran 2003.

#18 DukaLaDarajani

Mimi duka langu bado linaendeshwa na Delphi na halijanitupa. Delphi ina neno `const` kwenye vigezo, lakini lina maana yake yenyewe. Kwa string linaiambia kompaila isihesabu mshikaji mpya. Kwa hiyo ukipeleka string ya programu nzima kama const, halafu ndani ya methodi ukaibadilisha ile ya programu nzima, kile kigezo ulichoshika kinaweza kuwa kimeshafutwa chini ya mikono yako. Nilipata jina la mteja lenye herufi za ajabu ajabu kwa sababu hiyo.

Na rekodi ndiyo hatari zaidi: ukiandika const, kompaila yenyewe inaamua iipeleke kwa thamani au kwa anwani, kwa kutizama ukubwa. Sasa DLL, yaani maktaba ya Windows, ikiitwa na C, C atajuaje? Kwenye mpaka wa lugha mimi natumia pointa wazi wazi, const naiacha ndani.

#19 Shamba_Konde

Hili jambo lote ni la C. Const ilizaliwa C, C++ wakairithi, ndiyo maana wengine wote wanababaika nayo.

#20 Mwalimu_Tunguu

Ni kinyume chake, ndugu yangu. Stroustrup, aliyeiunda C++, ndiye aliyeileta, mwanzo aliiita `readonly`, ikabadilishwa jina kuwa `const`. C iliichukua kwenye kiwango cha ANSI cha mwaka 1989. Tena C ilibaki na maneno ya alama za nukuu kuwa `char` tupu, bila const, ijapokuwa kuyaandika ni marufuku. Ndiyo maana wazee wa C wana maktaba nyingi zinazodai `char*` pahala ambapo hawaandiki chochote, wenye lugha nyingine wakashindwa kujua lipi la kuogopa.

#21 BintJambiani

Mwalimu, hebu tusaidie jina pia. Kila mtu hapa anasema const, const. Kwa Kiswahili tuseme nini? Mimi naona ni amana. Nimekuwekea kitu changu, nikikirudia nikikute kilivyo.

#22 Mwalimu_Tunguu

Amana huitumii, unaitunza tu. Funksheni inakisoma kigezo, inakifanyia kazi. Hiyo ni azima. Nimekuazima mbuzi ya kukunia nazi, kuna nazi zako, ila usiitie tupa meno yake.

#23 Bi_Mkunazini

Nakubali azima, na hapo mmefungua mlango mwingine. Azima ina muda. Const haisemi muda.

Niliwahi kuwa na maktaba iliyotimiza const kwa asilimia 100, haikuandika hata baiti moja. Lakini ilihifadhi ile pointa, ikaja kuisoma baadaye, mwito umeshakwisha. C# ilikuwa imeshaitupa nakala yake. Ripoti ikatoka na majina ya watu yaliyokatika katikati. Nilihangaika wiki 2 nikitafuta anayeandika, kumbe hakuna aliyeandika. Kwa hiyo mimi naona kuna ahadi 2: sitabadilisha, na sitakaa nacho. Const inabeba ya kwanza peke yake.

#24 FundiChake

Rust wameziandika zote mbili kwenye aina zenyewe, lakini hata wao wakifika kwenye mpaka wa C zinabaki `*const` na `*mut`, na mkataba uliobaki unaandikwa na mtu kwa mkono wake. Go hawana const ya aina hii kabisa: `const char*` ya C ikiingia Go inakuwa `*C.char`, neno limedondoka njiani. D wao wamekwenda mbali, const yao inashuka mpaka ndani kabisa, pointa ya const na kila inachokigusa. C++ inaishia ngazi ya kwanza. Strakti ya const yenye pointa ndani, kile kinachoelekezwa bado kinaandikika.

Kwa hiyo Mwana_wa_Wete, maana ya neno inatofautiana hata kati ya wanaolitumia. Ndiyo sababu mimi nasema kosa ni la anayevusha. Wewe unayeijua Python ndiye uliyepaswa kutoa nakala. Maelezo ya ctypes yenyewe yanaonya usipeleke bytes kwa funksheni inayoweza kuandika, utumie `create_string_buffer`.

#25 Bi_Mkunazini

Hapana FundiChake, hapo tunaachana. Tangazo lilisema const. Kijana angejuaje kwamba "inaweza kuandika"? Ukisema kila anayevusha atoe nakala, basi tangazo halina thamani, tulifute. Mwenye mwili aandike `std::string k(kituo);`, nakala yake mwenyewe, afanye herufi kubwa huko. Mstari mmoja, na lugha 3 zimepona.

#26 FundiChake

Kwa herufi moja sawa, Bi. Kwa `pima` je, vikiwa vipimo milioni? Nakala kila mwito?

#27 Kijana_Mbweni

Kwa `pima` si angetumia numpy, maktaba ya Python ya safu za namba, na kuweka `writeable` kuwa False?

#28 Mwalimu_Tunguu

Hiyo inamzuia anayeandika kwa Python. C akishapewa anwani haulizi bendera. Anayeweza kumzuia C ni mfumo wa uendeshaji. Hifadhi vipimo kwenye faili, lifungue kwa `np.memmap` na `mode='r'`, upeleke anwani hiyo. Kurasa hizo za kumbukumbu zimefungwa zisiandikwe. Maktaba ikigusa, inaanguka pale pale na utaona mstari wenyewe kwenye gdb, chombo cha kutafutia makosa. Kwa kazi ya kila siku sikushauri, kwa kujaribu hakuna kipimo kikali kama hicho.

#29 DukaLaDarajani

Huku mvua imeanza na chaja zangu za simu ziko nje. Narudi.

#30 Mwana_wa_Wete

Nimefanya aliyosema Mwalimu, na mikono inanitetemeka ninavyoandika.

Herufi ya kituo nimeshaitatua kwa `create_string_buffer`. Nikapeleka `pima` kwa memmap ya kusoma tu. Mwito wa kwanza, Segmentation fault. gdb inanionesha `std::sort`. Maktaba inapanga vipimo kutoka kidogo hadi kikubwa ili ipate kile cha katikati cha kukatia unyevu, na inavipanga juu ya safu ile ile niliyoipeleka, const imevuliwa kwa mabano kama kule juu. Mimi kwenye Python sikugundua kwa sababu nilikuwa nasoma jumla tu, na jumla haibadiliki ukipanga.

#31 Mwalimu_Tunguu

Subiri. C# ya ghalani inapeleka nini kwenye `pima`? `double[]`?

#32 Mwana_wa_Wete

Ndiyo Mwalimu, `double[]`. Kwani?

#33 Mwalimu_Tunguu

Niliposema kwenye #9 C# imepeleka nakala, nilikuwa nasema juu ya string. Safu ya double haigeuzwi umbo. C# inaibana isihamishwe, inapeleka anwani yake yenyewe. Maana yake ghalani safu imekuwa ikirudi imepangwa. Na majina ya wakulima yako kwenye safu nyingine?

#34 Mwana_wa_Wete

Yako kwenye safu nyingine. Jina la kwanza na kipimo cha kwanza, la pili na cha pili. Na stakabadhi zinachapishwa baada ya mwito.

#35 Bi_Mkunazini

Inna lillahi. Basi huenda aliyeleta kilo 9 amechapishiwa za mwenzake, na aliyeleta 40 vivyo hivyo. Jumla ya kituo iko sawa ndiyo maana hakuna aliyestuka. Mwanangu, simamisha uchapishaji leo hii kabla ya kujadili nani mwenye kosa.

#36 Shamba_Konde

Na simu za Java je?

#37 FundiChake

Inategemea walivyorudisha. `GetDoubleArrayElements` inaweza kukupa nakala au safu yenyewe, hiari ni ya mashine ya Java. Ukifunga kwa 0, nakala iliyopangwa inaandikwa juu ya safu yako. Ukifunga kwa `JNI_ABORT`, nakala inatupwa. Lakini ikiwa ulipewa safu yenyewe, imeshapangwa, ABORT haiwezi kuirudisha. Tizama wametumia ipi. Na Bi, kwa hili la leo narudi nyuma hatua moja: nakala ya vipimo vya siku moja ya Tumbe ni kitu kidogo. Ila kwa maktaba kubwa sijabadili msimamo.

#38 Bi_Mkunazini

Wala mimi sijabadili. Tutaendelea nalo.

#39 Mwana_wa_Wete

Nimepiga simu ghala, printa imezimwa. Mwenzangu wa Unguja anasema const aliiweka "ili C# ikubali", nimemwambia asome uzi huu wote kabla hajagusa kitu. Java wamefunga kwa 0.

Kina mama wa Tumbe wana daftari la mkono, kila kipimo wanakiandika kwa kalamu pale pale kwenye mizani. Naondoka na gari ya kwanza asubuhi kwenda kulinganisha mstari kwa mstari. Nikirudi nitaweka hapa nilichokikuta.